Karatasi ya Marehemu

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu wa Petralona, mtaa wa Athene, aliyethubutu kugeuka kutazama mji kabla Kaliroi hajasema. Ndivyo alivyowazoesha. Mkifika juu ya kilima, yeye husimama akikabili jua, macho yanamchoma yeye, nyinyi mnamtazama usoni na mji mnaupa mgongo. Kwanza anawaeleza: nani alisimama hapa, nani alihutubia, nani alifukuzwa mjini kwa kura, na kwamba lile pango wanaloonyeshwa watalii kuwa ni gereza la mwanafalsafa halikuwa gereza la mtu yeyote. Halafu, mkiwa mmechoka kusubiri na shingo zinawawasha, anasema, "Haya, geukeni." Mnageuka, na Akropoli iko mbele yenu, karibu kiasi cha kutamani kuipangusa vumbi.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Miaka thelathini aliongoza watalii kwa leseni ya serikali, beji kifuani, na Jumamosi zake aliwapa majirani bure. Walikuwa kama ishirini hivi, wengi wastaafu. Tangazo lilibandikwa kila Alhamisi kwenye mlango wa duka la mikate, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima: "Jumamosi hii, Kilima cha Nimfa. Viatu visivyoteleza. K." Hakuolewa. Hakuzaa. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa anacheka na kusema vilima vya Athene ni vingi na miguu yake ni miwili tu.

Mwenye duka la mikate alikuwa Stratis, naye sasa amemwachia mwanawe. Stratis alikuwa amefiwa na mke miaka sita nyuma, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyobaki na makovu ya tanuri. Yeye ndiye aliyebeba chupa ya chai ya mlimani, na siku zote alitembea hatua moja nyuma ya Kaliroi, upande wa kushoto. Wakifika juu, kikombe cha kwanza kilikuwa cha Kaliroi. Kaliroi hakuwahi kukaa akamfikiria Stratis kwa namna yoyote. Alikuwepo tu, jinsi mkono wako wa kushoto ulivyopo.

Kisha, mwezi wa tisa, Meropi akarudi kutoka Melbourne.

Alikuwa ameshona nguo kiwandani kule miaka arobaini na miwili, na sasa alikuwa na miaka sitini na sita, pensheni, goti moja bovu na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alizaliwa palepale chini ya Kilima cha Filopapu, kwenye nyumba ya vyumba viwili ya wakimbizi. Hilo Kaliroi hakulipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtu wa Larisa, tambarare tupu, kwao hakuna hata kichuguu. Vilima hivi alivisomea. Alikesha navyo kwenye vitabu, akafanya mitihani. Na sasa amekuja mtu aliyevipata bure, pamoja na maziwa ya mama yake.

Matembezi ya kwanza tu, Meropi aligeuka.

Kaliroi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza, kidole juu, na yule mwanamke akageuka mzimamzima kuutazama mji, akapiga makofi, akapaza sauti: "Weee! Uko palepale! Mbona hujazeeka na mimi nimezeeka hivi?" Watu wakacheka. Mmoja akageuka, wa pili akageuka, na kufumba na kufumbua Kaliroi alikuwa anahutubia visogo ishirini. Alimaliza sentensi yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha sentensi katikati, lakini jambo hilo halikumtoka.

Tangu hapo kila Jumamosi ilikuja na chake. Juu ya Areopago, kwenye ile miamba iliyosuguliwa na miguu mpaka inateleza kama sabuni, Meropi alivua viatu akatembea peku, na kundi zima likavua. Kwenye barabara ya kale ya Kili, ambako magurudumu ya mikokoteni yamechimba mifereji kwenye mwamba, Kaliroi alieleza upana wa ekseli na mwaka. Meropi akachutama, goti likilia, akasema, "Hapa tulikuwa tunabingirisha gololi. Ukianzia pale juu, gololi inakwenda yenyewe mpaka kwa mama Anthula." Watu wazima wakaanza kutafuta vijiwe vya mviringo mifukoni na vichakani. Hakuna aliyeuliza tena habari ya ekseli.

"Bi Meropi, wewe ni hazina," alisema Thekla, mwenye udobi wa pembeni, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko kamba yake ya kuanikia.

"Hazina gani, mwenzangu? Mimi ni kituko tu kilichorudi kwao."

Kaliroi alitabasamu na wengine. Tabasamu hilo lilimuuma mashavuni mpaka alipofika nyumbani.

Lakini siku iliyomvunja hasa ilikuwa ya Kilima cha Nimfa. Kuna jiwe pale, limelala mteremko, laini kama kigae. Zamani wanawake waliotaka watoto walikuwa wanakaa juu yake na kuteleza hadi chini, kizazi baada ya kizazi, makalio yao ndiyo yaliyolisugua. Kaliroi alilijua vizuri sana jiwe hilo. Hakuwahi kuwaonyesha. Aliona si jambo la heshima, na pengine, tuseme ukweli, lilimkumbusha mambo ambayo hakupenda kukumbushwa. Meropi alikwenda nalo moja kwa moja, akaketi, akakusanya sketi yake na kuteleza huku anapiga kelele.

"Bibi yangu aliteleza hapa, miezi tisa baadaye akazaliwa baba yangu! Nani anafuata? Thekla!"

"Mimi ninao wanne, nikiteleza tena mume wangu atahama nyumba!" Thekla alisema, na akateleza.

Wakateleza wote. Stratis naye akateleza, mzee mzima, na alipofika chini suruali ikawa imechanika nyuma. Kicheko kilichotoka hapo kiliwafukuza njiwa. Meropi akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi, akamgeuza kama mtoto wa shule na kumshonea suruali ikiwa mwilini. Alipomaliza aliinama akakata uzi kwa meno.

Kwa meno! Kaliroi alikuwa amesimama mbali kidogo, anajifanya anatazama paa la jengo la kutazamia nyota. Aliona kichwa cha yule mwanamke kilivyoinama karibu na kiuno cha Stratis, na masikio ya Stratis yalivyogeuka mekundu. Wivu ukamshika. Hakuwa na jina lingine la kuupa na hakujidanganya: ulikuwa wivu mtupu, wa tumboni, wa kumfanya mtu atake kurusha kitu. Kisha Stratis akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe cha kwanza, akampa Meropi.

Cha pili alimletea Kaliroi. "Chukua, ina joto."

"Sina kiu," Kaliroi akasema.

Wiki iliyofuata walikuwa Pnika, kwenye uwanja wa mikutano wa mababu, na pale Thekla akapata akili mpya. Jumatatu Safi ilikuwa inakaribia, siku ya kuanza mfungo wa Kwaresima, siku ambayo Petralona nzima hupanda Filopapu na vishada vya kurusha, mikate bapa, zeituni na halua. Miaka yote Kaliroi ndiye aliyechagua mahali pa kukaa, akaongoza msafara, akaeleza.

"Pendekezo!" Thekla akasema, amepanda kwenye jukwaa la mwamba kama waziri. "Mwaka huu Bi Meropi atuongoze. Bi Kaliroi apumzike, maskini, miaka kumi na tisa amesimama. Si wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba hapa wazee walipiga kura kwa kuinua mikono? Haya, tuinue!"

"Jamani, hapana, niacheni mimi," Meropi alisema, lakini alikuwa anacheka.

Mikono ikainuka. Kaliroi hakuihesabu. Alitafuta mkono mmoja tu, mkubwa, wenye makovu ya tanuri, akauona uko juu na wenzake.

"Vizuri sana," akasema. "Wengi wape." Na sauti yake ilikuwa shwari kiasi kwamba hata Thekla aliridhika.

Ijumaa iliyofuata alikuwa jikoni kwake anatayarisha ngano ya wafu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya Roho, siku ya kuwaombea marehemu na kugawana ngano hiyo, na kundi lao lilikuwa na desturi ya kusali kwenye kikanisa kidogo cha mlimani, chini ya misonobari, kabla ya kupanda. Ngano iliyochemshwa ilikuwa imetandazwa kwenye taulo ikauke. Alikwishachambua komamanga, akakaanga ufuta, akachekecha sukari. Ikabaki karatasi.

Kila mtu hupeleka karatasi mbili, zenye msalaba juu. Moja ya wazima, kuwaombea afya. Nyingine ya marehemu, kuwaombea pumziko. Majina ya kwanza tu, Mungu anajua ya pili. Ya wazima Kaliroi aliimaliza haraka: kaka yake, mke wa kaka, watoto wao. Akaanza ya marehemu. Vaios, baba yake. Stamatia, mama yake. Nyanya aliyemrithisha jina, babu, shangazi wawili, mwalimu wake wa chuo. Kalamu ilikuwa inakwenda vizuri. Alipomaliza hakuiweka chini.

Alifikiria ule mkono juu. Alifikiria uzi na yale meno.

Akaandika: Meropi.

Akalitazama. Herufi zimesimama wima, nzuri, kama za tangazo la mlangoni. Alijua ni jambo gani alilolifanya. Hakuna mtu kwao asiyejua. Kumwandika mtu mzima kati ya wafu ni kumwombea aondoke. Wapo wanaosema mtu huyo huanza kukonda, wapo wanaosema ni upuuzi, lakini hata wanaosema ni upuuzi hawaandiki. Kaliroi alijiambia atachukua karatasi nyingine na kunakili upya. Halafu akajiambia kwamba Padri Gerasimos ana mamia ya majina na huyasoma kwa mbio kama mtu anayemwaga njugu, hakuna sikio la binadamu linaloambulia kitu. Itakuwa ni siri yake na Mungu tu, na Mungu amewahi kusikia mabaya zaidi. Akaikunja. Na lazima tuseme kwamba usiku ule alilala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa.

Asubuhi kikanisa kilijaa mpaka mlangoni. Sahani za ngano zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na mshumaa wake. Kaliroi alitia karatasi zake kikapuni, akasimama mahali pake karibu na nguzo. Meropi alikuwa mbele kidogo, amevaa kitambaa cha bluu, na goti lake amelipumzisha kwenye kiti.

Padri Gerasimos akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Mafua. Alikohoa, akajaribu tena, akatoa mlio wa bata. Akamwita Stratis, ambaye siku zote alisaidia upande wa waimbaji.

"Stratis, mwanangu, nisaidie na majina ya marehemu. Mimi sina koo."

Stratis hakuwa msomaji wa mbio. Stratis alisoma kama alivyokanda unga, polepole, kila neno linapata haki yake. Akachukua karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Kila jina lilisikika hadi kwenye misonobari. Kaliroi alitaka kwenda mbele akapindue kikapu. Hakwenda.

"Vaios," akasoma Stratis. "Stamatia. Kaliroi. Lambros. Olga. Fotula. Dionisis. Meropi."

Na hapo ndipo akili yake ilipoufikia ulimi. Akanyamaza.

Hakuna Meropi mwingine Petralona, hakuna hata mmoja. Watu wote wakageuka, nao wakamwona palepale alipo, ana mshumaa mkononi, mzima, mdomo wazi.

"Ptu, ptu, ptu!" Thekla akajitemea mate kifuani kufukuza nuksi. "Mungu apishe mbali! Nani kafanya hivyo?"

"Karatasi hiyo ya nani?" Padri akauliza kwa ile sauti yake ya bata, na hakuna aliyecheka.

Stratis aliitazama karatasi. Mwandiko ule aliubandika mwenyewe kwenye mlango wake kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa. Hakuinua macho kumtafuta mtu yeyote. Aliikunja mara mbili, kisha mara mbili tena, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Yangu, Baba," akasema. "Nisameheni. Nimechanganya. Jina hilo nilikuwa naliandika kwa wazima, likaniponyoka likaenda upande usio wake."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka puani, na Thekla, ambaye hawezi kukaa na kitu kichwani kikapoa, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mwanamume mjane anamwandika mwanamke asiye ndugu yake kwa wazima? Haya! Mwenye masikio na asikie!"

Hata Padri alitabasamu. "Basi tumrudishe kwa wazima, na tumwongezee miaka," akasema, akachora msalaba hewani kuelekea kwa Meropi. Uso wa Meropi ulikuwa umeiva mpaka shingoni.

Kaliroi alishika nguzo. Alikuwa ameokoka, na alihisi kama ameangukiwa na paa.

Nje, uani, watu walikuwa wanagawana ngano kwenye vifuko vya karatasi, na utani ulikuwa umepamba moto. "Stratis, kumbe na wewe!" "Kimyakimya ndiyo wabaya!" "Suruali ile haikuchanika bure!" Meropi alikuwa amezungukwa na wanawake. Kaliroi alimkuta Stratis nyuma ya kikanisa, amekaa kwenye mwamba, hali kitu.

"Kwa nini?" akamuuliza.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka nisemeje? Nikuonyeshe kidole? Thekla angekutafuna mpaka mifupa. Ungekuwa umekwisha leo, Kaliroi. Wewe una nini kingine zaidi ya Jumamosi hizi?" Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Umemwandika mtu mzima kwa wafu. Kanisani. Wewe, mtu wa vitabu. Kakukosea nini?"

"Umempigia kura."

"Nini?"

"Pnika. Mkono wako ulikuwa juu. Nimekuona."

Stratis akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi, si ile iliyokunjwa mara nne bali nyingine ambayo hakuwa ameitia kikapuni bado. Akampa. Ilikuwa na msalaba juu, na neno moja chini yake: wazima. Mwandiko mzito wa mtu aliyeacha shule mapema. Jina la kwanza lilikuwa Kaliroi. Mwanawe alikuwa wa pili, wajukuu baadaye.

"Nakuandika hivyo tangu mwaka wa pili baada ya mke wangu Katina kufa," akasema. "Ile kura ilikuwa nataka mwaka mmoja tu ukae. Ukae chini, ule kipande cha mkate pamoja na mimi, turushe kishada kama watu wengine. Kila mwaka umesimama unaeleza, mimi nakusubiri na kikombe mkononi."

Kaliroi alilisoma jina lake mara tatu. "Mbona hukusema?"

"Saa ngapi? Ulikuwa unaongea."

Huko uani mtu alikuwa anaita, "Stratis! Bwana harusi! Tunapanda!"

Akasimama, akapangusa suruali. "Sikiliza. Mimi nimeshasema langu mbele ya watu. Mtu aliyesomwa pamoja na wafu akiwa hai simwongezei aibu nyingine. Siwezi kumwambia nilitania. Ukitaka kulitengua, litengue wewe, kwa mdomo wako, umwambie yeye mwenyewe ni nani aliyemwandika na kwa nini. Nami nitasimama na wewe, hata wakitutupia mawe. La, usiposema, basi. Meropi ni mwanamke mwema. Naweza kupatwa na mabaya kuliko hayo."

"Na huo ndio uamuzi wako?"

"Uamuzi ni wako, Kaliroi."

Wakapanda. Njia ya mawe ni ileile, inazunguka kati ya mizeituni na kutokea kwenye uwazi wa juu, na Kaliroi aliipanda mbele kwa mazoea, bila mtu hatua moja nyuma kushoto. Alikuwa anaamua. Kila kona alikuwa ameshaamua kusema, na kila kona aliona aibu ikimpanda, kisha akaimeza na kuamua upya. Atasema. Atakuwa kichekesho cha Petralona, hawatamfuata tena kwenye kilima chochote, lakini atakaa chini siku moja na kula mkate na mtu. Kufika juu alikuwa amepiga moyo konde. Hata sentensi ya kwanza alikuwa nayo tayari.

Watu walitawanyika kwenye miamba, mji ukiwa wote chini yao, weupe tupu hadi kwenye miguu ya mlima wa Imitos. Stratis alikaa peke yake upande wa bahari. Kabla Kaliroi hajajongea popote, Meropi akamshika mkono akamvuta kando.

"Dada, njoo huku. Hawa watanicheka." Alikuwa anahema, goti limemuuma. Hakuwa anacheka hata kidogo, na bila kicheko uso wake ulikuwa mwingine, mdogo na wenye hofu. "Wewe ndiye unayemjua. Niambie usinifiche. Alichosema mle ndani ni kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nilimwona alivyobadilika rangi. Mimi si mjinga, watu wanadhani kwa kuwa nacheka sana. Mtu aliyekosea haoni haya vile. Nilidhani anamficha mtu. Kama kuna mtu hapa ananiombea nife, mimi sikai. Kweli tena. Mdogo wangu yuko Melbourne, tiketi ya kurudi ninayo bado, nimeiweka kwenye droo kwa sababu nilikuwa naogopa jambo kama hili. Kwamba nitarudi kwetu na hakuna atakayenitaka. Miaka arobaini na miwili, dada. Nilikuwa nashona mifuko ya suruali na nakipanda kilima hiki kichwani, jiwe kwa jiwe. Niambie tu. Ni kweli aliniandika kwa wazima? Ukisema si kweli, Jumatatu nitakuwa kwenye ndege na sitamlaumu mtu."

Kaliroi alimtazama. Hili ndilo alilolitamani tangu mwezi wa tisa, na zaidi. Halikuhitaji hata kungama. Neno moja tu, si kweli, na yule mwanamke ataondoka na kicheko chake, sindano zake na utoto wake wote wa chini ya kilima. Atabaki yeye, na watu wake, na Stratis, na mkate. Sentensi aliyoiandaa njiani na sentensi hii zilikuwa zinafika mahali pamoja. Kweli au uongo, kila alichoweza kusema ili kumpata Stratis kilikuwa kinampandisha Meropi ndege. Wivu wake ulikuwa unamsukuma kwa mikono miwili: sema, sema, safari hii hata si dhambi, ni ukweli.

Mkono wa Meropi ulikuwa bado umemshika. Ulikuwa na sugu kwenye kidole cha shahada, pale sindano inaposukumwa.

"Ni kweli," Kaliroi akasema.

"Usinidanganye."

"Nimeiona karatasi yake ya wazima. Wewe ndiye wa kwanza, juu ya mwanawe." Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ya leseni na beji, ambayo hakuna aliyewahi kuitilia shaka. "Alibadilika rangi kwa sababu ni mtu wa haya. Nenda ukakae naye. Ana chai."

Meropi alimbusu mashavu yote mawili. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, na kupitia machozi kicheko kikaanza kurudi. Akajishika goti, akaanza kushuka kwa uangalifu juu ya miamba kuelekea upande wa bahari. Stratis alikuwa amegeuza kichwa. Hakumtazama Meropi anayekuja. Alimtazama Kaliroi, moja kwa moja, anauliza.

Ilikuwa kama hatua kumi na mbili kutoka pale hadi alipokaa, na mwanamke mwenye goti bovu huzichukua polepole. Kaliroi alizihesabu zote. Katika kila hatua alitaka kumwita arudi, na katika kila hatua alimchukia kwa nguvu zake zote, na mdomo wake hakuufungua.